Lina kilometa chache, lakini limelala miaka minne: tununue basi lipi?

SWALI

Fundi, habari za kazi?

Mimi na mke wangu tumestaafu, watoto wanajitegemea, na tumeamua kila mwaka tuwe barabarani miezi kadhaa. Hatutaki kigari cha kulala tumejikunja. Tunataka basi zima lililogeuzwa nyumba, lenye chumba cha kulala, jiko, bafu na mashine ya kufulia. Tumetafuta na kuchuja mpaka tumebaki na mawili, yote ya bodi la Prevost la mita 13.7.

La kwanza ni la mwaka 2001. Injini ni Detroit Diesel Series 60 ya lita 12.7, giaboksi ya Allison, na lina ukuta mmoja tu unaochomoza nje likiegeshwa. Limetembea kilometa 310,000. Ndani ni kahawia tupu: zulia kahawia, makochi kahawia, hata bafu kahawia. Anayeliuza ni mzee aliyelitunza mwenyewe, ana daftari na mafaili mawili ya risiti. Kiwanda kilicholigeuza kuwa nyumba bado kinafanya kazi.

La pili ni la 2012, injini ya Volvo D13, kuta tatu zinazochomoza, sakafu ya marumaru, taa na mapazia vyote vinaendeshwa kwa skrini ya kugusa. Lina kilometa 58,000 tu! Mwenyewe alifariki, nalo limekaa bandani miaka minne. Warithi wanasema liko kama jipya. Karatasi za matengenezo hawajaziona, na kampuni iliyoligeuza ilishafungwa.

Bei zao hazipishani sana. Mke wangu ameshapanga mpaka vikombe vyake ndani ya lile la marumaru. Shemeji yangu, dereva wa malori miaka mingi, anasema tusijishauri sana maana kilometa hazidanganyi.

Swali la pili ni la matunzo. Magari yangu madogo nimekuwa nikiyatengeneza mwenyewe nyumbani, na fundi wangu wa siku zote anasema dizeli ni dizeli, nimletee tu. Je, basi kama hili naweza kulihudumia mwenyewe?

Mstaafu wa Njia Panda

JIBU

Kazi njema, ndugu yangu. Kwa hayo uliyoniandikia, ningechukua la kahawia, na mkeo naomba anisikilize kwanza kabla hajanikasirikia.

Basi la namna hii ni mashine mbili zilizofungwa ndani ya bodi moja. Nusu ya kwanza ni basi: injini, giaboksi, ekseli, breki za upepo, springi za upepo, usukani. Nusu hiyo imetoka kiwandani Quebec, Kanada, kwa watu wanaotengeneza mabasi tangu 1924, pale fundi seremala Eugène Prévost alipounda bodi lake la kwanza. Leo kampuni hiyo ni ya Volvo. Series 60 nayo ilitengenezwa kuanzia 1987 hadi 2011 na ikafungwa kwenye malori na mabasi mengi mno. Vipuri vyake vipo, na fundi yeyote mzuri wa malori makubwa ya Kimarekani ameshaifungua. Kilometa 310,000 kwa injini hiyo si umri wa kutisha. Zipo nyingi zilizopita milioni moja kabla ya kufunguliwa, mradi zilibadilishwa oili na maji ya rejeta kwa wakati.

Nusu ya pili ni nyumba, na hapo ndipo penye kazi. Prevost hutoa bodi tupu. Kampuni nyingine ndiyo inayoweka ndani kila kitu: mabomba, betri za nyumba, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani), jenereta, viyoyozi, boila ya maji moto, na nyaya zinazoviunganisha. Kila mgeuzaji ana mtindo wake, na hata mabasi mawili ya mgeuzaji mmoja ya mwaka mmoja yanaweza kutofautiana kwa sababu mteja huyu alitaka hivi na yule vile. Hakuna kitabu kimoja cha yote. Michoro ya basi lako iko kwa aliyeligeuza, na wakati mwingine iko kichwani mwa fundi wake wa umeme. Marathon na Liberty ni kati ya majina ambayo bado yapo. Country Coach, ambaye naye aligeuza mabasi ya Prevost, alifilisika 2009, na si yeye peke yake. Mgeuzaji akifunga mlango, ile skrini ya kugusa inayoendesha taa na mapazia inabaki na programu ambayo huenda hakuna mwingine mwenye nakala yake. Siku itakapozima, mtakaa gizani ndani ya basi ambalo injini yake ni nzima kabisa.

Kwa hiyo ninapomshauri mtu kuchagua, namwambia aanze na karatasi, kisha mgeuzaji, kisha hali ya bodi, na kilometa zije mwisho. Rangi ya makochi haimo kabisa kwenye orodha yangu. Zulia na makochi ni kazi ya fundi seremala na fundi wa viti, na mkeo atachagua rangi anayotaka yeye. Sakafu ya marumaru, kwa upande wangu, ningelipwa ndipo niipande. Jiwe ni zito, kila ukuta unaochomoza una reli, mota na fremu yake, na uzito huo wote unakula nafasi ya maji, mafuta na mizigo yenu. Mengi ya mabasi haya yakijazwa huvuka tani 20, na ekseli ya mbele ndiyo huwa ya kwanza kuzidiwa. Lolote mtakalochagua, lipimeni kwenye mizani likiwa limejaa maji na mafuta, ekseli moja moja, mlinganishe na kibao cha kiwanda kilicho karibu na kiti cha dereva. Upepo wa tairi nao hupangwa kwa uzito huo, maana kukisia kwa macho hapa hakufai.

Sasa shemeji. Ni kweli kilometa hazidanganyi, ila zinasema habari za safari tu. Miaka minne ya bandani haionekani kwenye dashibodi, nayo inaharibu zaidi kuliko barabara. Tairi nane zinazeeka hata kama meno yako kamili. Tazameni tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT ubavuni: 1219 maana yake wiki ya 12 ya mwaka 2019. Tairi ya mbele iliyopita miaka saba mimi siipandi, hata ikiwa na vinyweleo vya kiwandani. Dizeli iliyokaa huvuta maji, na kwenye mpaka wa maji na mafuta huota uchafu hai, mweusi, wa utelezi, unaoziba filta mkiwa katikati ya mlima. Betri zilizoachwa bila chaji zimekufa, msibishane. Mipira ya breki na ya springi hukakamaa. Panya nao wanapenda sana nyaya.

Lile la 2012 lina jambo la ziada ambalo shemeji yako lazima analijua kazini kwake. Sheria za moshi za Marekani za 2007 zilileta chujio la masizi, na za 2010 zikaleta mfumo wa kunyunyizia urea, kimiminika cha kupunguza sumu ya moshi, kwenye moshi. Urea hiyo haikai milele: kwenye joto la nyuzi 30 ni kama mwaka mmoja tu, kisha huanza kuharibika, na inapokauka huganda chumvi nyeupe kwenye pampu na kwenye bomba la kunyunyizia. Mfumo huo ukigoma, kompyuta ya injini hupunguza nguvu kwa makusudi mpaka utengenezwe. Nisieleweke vibaya, D13 ni injini nzuri na haili mafuta ovyo. Ila iliyolala miaka minne na tangi la urea ndani, bila karatasi hata moja, ni mashaka mnayonunua kwa pesa taslimu. Series 60 ya 2001 haina lolote kati ya hayo, na imetangulia hata ule mfumo wa kurudisha moshi kwenye injini ulioanza kuenea mwishoni mwa 2002 ukaleta shida zake. Wahenga walishasema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hata hivyo msinunue la kahawia kwa sababu mimi nimesema. Nendeni mkalikague, na mkiweza mlipe fundi wa mabasi asiyefahamiana na muuzaji.

Mwambieni mzee asiwashe injini kabla hamjafika. Ukifika, gusa injini. Ikiwa ya moto, muulize kwa adabu ilikuwa inafichwa nini, kisha mrudi siku nyingine. Iwashwe ikiwa baridi, mtu mmoja akae nyuma. Moshi mweupe unaoisha baada ya dakika chache ni wa kawaida kwenye baridi. Wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua. Mweupe usioisha huku maji yakipungua, ondokeni. Fungueni kifuniko cha oili injini ikiunguruma: mvuke mwepesi sawa, lakini upepo unaosukuma mkono maana yake pete za pistoni zimechoka.

Breki za upepo zina kipimo ambacho hakimwonei mtu aibu. Acheni kompresa ijaze mpaka ikate yenyewe, kwa kawaida kati ya 120 na 130 psi (kipimo cha msukumo wa upepo). Zimeni injini, gari likiwa limewekewa vizuizi vya magurudumu, achieni breki ya mkono. Upepo usishuke zaidi ya 2 psi kwa dakika. Kisha kanyageni breki mshikilie: usishuke zaidi ya 3. Endeleeni kupunguza upepo kwa kukanyaga na kuachia. Taa na king'ora cha onyo viamke kabla ya kufika 55, na kati ya 45 na 20 breki ya mkono ijifunge yenyewe. Halafu liacheni usiku kucha. Asubuhi likiwa limelala upande mmoja, kuna mpira wa springi au vali inayovuja. Si sababu ya kukimbia, ni sababu ya kupunguziwa bei.

Chini ya bodi, tafuteni kutu kwenye maungio ya fremu karibu na magurudumu na kwenye chumba cha injini, hasa kama basi limeishi kwenye nchi zinazomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji. Kutu ya juujuu inasuguliwa. Ile inayobanduka kama magome haina huruma.

Na sehemu ya nyumba? Ombeni mlale humo usiku mmoja. Wauzaji wengi hushangaa, ila mwenye basi zima hukubali. Jioni chomoeni umeme wa nje, muishi kwa betri na inveta: taa, friji, TV. Asubuhi pimeni betri zimebaki na nini. Kisha washeni jenereta na viyoyozi vyote kwa pamoja, muone kama volti zinashuka. Oga maji ya moto kwa muda mrefu, mpaka ujue boila inawezaje. Ukuta unaochomoza uingizwe na kutolewa basi likiwa sawasawa, mkitazama pembe zote nne. Kwenye Prevost mpira wa kuzibia ukuta huo hujazwa upepo, na lazima utolewe upepo kwanza ndipo ukuta usogezwe, anayeulazimisha huuchana. Mwisho, muulize mzee iko wapi michoro ya nyaya. Mwenye daftari na mafaili mawili bila shaka anayo. Pigeni simu kiwandani na namba ya basi, mhakikishe wanalitambua na wanakubali kulihudumia.

Nije kwenye swali lako la pili. Fundi wako wa magari madogo ni mwema kukukaribisha, ila atalinyanyua kwa nini? Jeki na lifti zake zimetengenezwa kwa tani mbili tatu. Na kuna jambo moja ninalotaka ulishike kuliko yote niliyoandika: usiingie chini ya basi la springi za upepo ambalo halijawekewa vigingi vya chuma kwenye fremu. Basi hili linasimama juu ya mipira yenye upepo. Vali ikiachia au bomba likipasuka, bodi linashuka kwa sekunde, na nafasi inayobaki chini haimtoshi mtu. Hata fundi mzoefu anaweza kufa hivyo. Kitu kingine cha kutogusa ni makopo ya breki za ekseli za nyuma. Ndani yake mna springi kubwa iliyobanwa, na ukifungua kopo bila kuifunga kwanza kwa boliti yake maalumu linaruka kama risasi. Kazi za breki, springi, magurudumu na usukani mpelekee fundi wa mabasi au malori mazito, na umeme wa inveta mpelekee aliyesomea.

Yaliyobaki kwako si machache. Kumwaga maji kwenye matangi ya upepo ni kazi yako. Ukiona yanatoka na oili, kompresa imechoka au kikausha upepo kimejaa, na kile kikopo cha kukausha hubadilishwa kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu kulingana na matumizi. Kukagua oili, mikanda, mabomba ya mpira, upepo wa tairi asubuhi zikiwa baridi, lakiri za paa na madirisha, vichujio vya viyoyozi, viunganishi vya betri. Hayo yote mtu aliyezoea spana anayaweza.

Oili ya injini ibadilishwe angalau mara moja kwa mwaka hata kama hamkutembea, na kila mara chukueni kichupa kidogo cha oili ya zamani mkipeleke maabara. Ni kipimo cha bei ndogo chenye maneno mengi: sodiamu au potasiamu ikipanda, maji ya rejeta yanaingia kwenye oili, silikoni ikipanda, vumbi linapita filta ya hewa, shaba na risasi ni bearingi zinazolika. Kipimo kimoja hakisemi sana, ni mfululizo wake unaosema, ndiyo maana daftari la mzee lina thamani. Muulize kama alipima.

Maji ya rejeta wengi huyapuuza. Silinda za Series 60 zimezungukwa na maji moja kwa moja, na mtikisiko wa injini hutengeneza vipovu vidogo vinavyopasuka na kula chuma mpaka kinatoboka. Dawa inayozuia hilo imo kwenye maji na hupungua. Kuna vikaratasi vya kupimia, unachovya na kusoma rangi. Usiongeze dawa bila kupima, maana ikizidi nayo huganda, na usichanganye aina mbili za maji eti kwa sababu rangi zinafanana.

Jenereta ya dizeli isiwashwe kwa kuonjwa dakika tano. Kila mwezi ifanye kazi saa moja au mbili ikibeba angalau nusu ya mzigo wake, viyoyozi vikiwa vimewashwa. Ikizoea mzigo mwepesi hujaa masizi na mafuta yasiyoungua. Injini kubwa nayo vivyo hivyo: kuiunguruma uani hakuipashi joto la kutosha, kunaongeza maji kwenye oili tu. Litoeni barabarani mpaka vipimo vyote vifike mahali pake, ndipo mlirudishe. Likienda kulala kwa muda, tangi la dizeli lijazwe hadi juu na betri ziachwe kwenye chaja. Boila inayotumia dizeli, kama Aqua-Hot, inahitaji huduma ya mwaka, yaani kubadilishiwa pua ya kunyunyizia na filta; ikianza kutoa moshi na harufu mmechelewa.

Msitumie akiba yote kununulia. Mwaka wa kwanza huenda mkahitaji tairi nane na betri zote za nyumba kwa mpigo, na la kahawia si ajabu zulia. Mafuta wekeni hesabu ya lita 100 kwa kila kilometa 250 hivi, halafu mshukuru likila pungufu. Na kama mnakoishi umeme ni wa volti 230 na mizunguko 50, muulizeni fundi umeme mapema, kwa sababu mabasi haya yamefungwa kwa mfumo wa Amerika Kaskazini na viyoyozi vyake haviupendi mzunguko huo.

Kama mkeo bado moyo wake uko kwenye marumaru, mlango upo, lakini kwa masharti. Warithi wakubali lipelekwe kwa wakala wa Volvo lisomwe kompyuta, litolewe mafuta na urea vya zamani, liwekewe betri, likaguliwe breki, na gharama hizo zitolewe kwenye bei. Apatikane pia fundi wa umeme atakayekiri kwa maandishi kwamba anaielewa ile skrini na ana nakala ya programu yake. Wakikataa lolote kati ya hayo, vikombe vihamie kwenye la kahawia.

Shemeji naye msimwache hivihivi. Mwombeni awafundishe wote wawili kuendesha, kwanza kwenye uwanja mtupu, hasa kukata kona, maana dereva hukaa mbele ya magurudumu ya mbele na mkia hupanua upande wa pili. Ulizeni pia leseni yenu inaruhusu uzito gani kabla ya kusaini chochote, na bima kama inalikubali basi kuwa makazi.